Cheti cha Seva Kikiisha Muda, Alipe Nani?

Matangazo ya kazi yanayotoka nyumbani, Afrika Mashariki, yana tabia ya kuudhi, na kwa watu wa seva kero yenyewe ina herufi nne: MCSE, cheti cha Microsoft. Benki inatafuta msimamizi wa seva, halmashauri inatafuta ofisa TEHAMA, shirika la misaada linatafuta "jamaa wa IT" wa kuangalia kila kitu kuanzia seva hadi printa ya mhasibu, na kwenye orodha ya sifa za mwombaji, chini ya shahada na uzoefu wa miaka mitano, imo MCSE, tena wakati mwingine inasisitizwa kwamba iwe hai. Microsoft iliifunga MCSE tarehe 31 Januari 2021, pamoja na mdogo wake MCSA. Waliokwisha kuipata ilibaki kwenye kumbukumbu zao, lakini kijana aliyemaliza chuo 2022 hawezi kuipata hata baba yake akiuza shamba. Ni sawa na konda wa matatu anayedai nauli ilipwe kwa ile noti ya elfu moja ambayo Kenya iliiondoa kwenye mzunguko mwaka 2019. Mwandishi wa tangazo hajui hilo. Amenakili tangazo la mwaka juzi, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka kwingine. Ila kutojua kwake kunafichua jambo zito kuliko uvivu wa kunakili. Anayedai cheti bila kujua kama bado kipo ni mtu ambaye hajawahi kukilipia. Ugomvi wangu uko hapo. Huku Ujerumani, anayedai cheti cha seva ndiye kwa kawaida anayetoa hela. Nyumbani, anayedai ni mmoja na anayelipa ni mwingine, na huyo anayelipa ndiye asiye na mshahara.

Mzunguko wenyewe wa kupata cheti na kukipandisha haukuanzia kwetu, na ukitazama historia yake unaona wazi ulimlenga nani. Windows 2000 ilipotoka, Microsoft iliwatangazia wenye MCSE ya NT 4.0 kwamba vyeti vyao vitakoma tarehe 31 Desemba 2001 wasipofanya mitihani mipya. Kulainisha mambo ikaandaa mtihani mmoja wa haraka, namba 70-240, wa saa nne, uliobeba mitihani minne ndani yake. Ulikuwa bure, lakini ukianguka hakuna kurudia. Kelele zikawa nyingi, na Oktoba 2001, muda ukiwa umebaki mfupi, kampuni ikarudi nyuma na kukiacha cheti cha NT kiendelee kuwepo. Tangu hapo kila toleo la seva likaja na ngazi yake. Mwenye MCSE ya 2000 alivuka kwenda 2003 kwa mitihani miwili, 70-292 na 70-296. Toleo la 2008 likaja na majina mapya kabisa, MCTS na MCITP, na mtihani wa kuvukia 70-649. La 2012 likaleta 70-417, la 2016 likaleta 70-743. Kisha 2021 ngazi yote ikaondolewa ukutani, na muda si mrefu njia mpya ikawa AZ-800 na AZ-801, mitihani inayochanganya seva iliyo chumbani kwako na wingu la Azure. Aliyeanza na NT akataka asipitwe na wakati ameketi mitihani isiyopungua kumi kwa kazi ileile moja ya kuhakikisha watu wanafungua kompyuta zao asubuhi na kuyakuta mafaili yao.

Sisemi vyeti visipitwe na wakati. Programu zenyewe hufa. Windows Server 2012 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na CentOS 7, iliyokuwa imejaa kwenye vyumba vya seva vya nyumbani kwa sababu ni ya bure, ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Mtu aliyejifunza mwaka 2013 na hajasoma kitu tangu wakati huo ni hatari kwenye mtandao wa hospitali. Ndiyo maana Red Hat inakipa cheti chake miaka mitatu, Cisco vilevile, na Linux Professional Institute miaka mitano. Microsoft ilishuka hadi mwaka mmoja tangu Juni 2021, lakini hapo hapo ikafanya jambo la busara: kukihuisha cheti ni bure, mtandaoni, bila msimamizi, na dirisha hufunguliwa miezi sita kabla ya cheti kuisha. Ukipitwa, unarudi mwanzo na kulipa upya. Kwa hiyo hata mtoa cheti mwenyewe amekubali kwamba mtu asitozwe tena na tena ili kuthibitisha kwamba bado anajua kazi anayoifanya kila siku. Mtihani wa kwanza ndio unaobaki na bei. Kwa Marekani mtihani mmoja wa seva wa Microsoft ni dola 165, na kwa AZ-800 na AZ-801 unazidisha mara mbili. Nchi kama zetu hupunguziwa, na hilo ni jema, ila punguzo hilo bado ni pesa nyingi kwa asiye na kazi. Ya Red Hat ni dola mia kadhaa kwa mtihani mmoja. Ongeza kurudia ukianguka, ongeza kompyuta yenye nguvu ya kuendesha mashine tatu za majaribio kwa pamoja, ongeza vifurushi vya intaneti, na tusiufungue ukurasa wa umeme.

Sasa angalia nani anafaidika. Kampuni inayouza na kufunga mitambo ya Microsoft hupanda hadhi ya ushirika kwa kuonyesha, pamoja na mengine, ina watu wangapi wenye vyeti. Ilikuwa hivyo enzi za Gold na Silver, na tangu Oktoba 2022 ni hivyo kwa hesabu ya pointi, ambamo ujuzi wa wafanyakazi ni fungu mojawapo. Vyeti vya mfanyakazi huunganishwa na jina la kampuni, na akihama anaondoka navyo. Ndiyo sababu hapa Ujerumani kampuni ndogo za kuhudumia mitandao ya wateja hununua vocha za mitihani bila kuombwa sana: cheti ni mtaji wa duka. Nyumbani faida ni ileile, ila mtaji unatoka mfuko mwingine. Fungua kabrasha lolote la zabuni ya kufunga seva za taasisi ya umma, Nairobi au Dodoma, utakuta wanadai wasifu wa wataalamu na nakala za vyeti vyao. Kampuni inaambatanisha cheti ambacho kijana alikilipia kwa kukopa kwa dada yake, inashinda zabuni ya mamilioni, na kijana anaendelea kupokea mshahara uleule hadi cheti kiishe. Kikiisha, meneja anamuuliza kwa ukali kwa nini hajakihuisha. Kuna watu wameshaulizwa hivyo hata wakiwa likizo.

Wasomaji wengi wa nyumbani hudhani Wajerumani nao wanakimbizana na vyeti vya makampuni hivyohivyo, ila kwa pesa nyingi zaidi. Hapana. Msingi wa fundi wa seva hapa mara nyingi ni fani ya Fachinformatiker upande wa mifumo, iliyoanzishwa mwaka 1997, mafunzo ya miaka mitatu yanayogawanywa kati ya kampuni na shule ya ufundi. Mwanafunzi ana mkataba wa mafunzo na kampuni. Analipwa: kwa walioanza mwaka 2025, kiwango cha chini kabisa cha kisheria mwaka wa kwanza kilikuwa euro 682 kwa mwezi, na kampuni nyingi za fani hii hutoa zaidi. Linganisha na mwanafunzi wetu wa field, ambaye akipata nauli anamshukuru Mungu, na anashinda wiki nane akipiga fotokopi kwa sababu hakuna anayemwamini na paswedi. Mwishoni mwa mafunzo hakuna kampuni ya programu inayomtahini Mjerumani huyo. Anayemtahini ni chemba ya viwanda na biashara, IHK, na karatasi anayopewa haina tarehe ya kuisha. Aliyefaulu mwaka 2000 bado ni fundi kwa jina na kwa sheria. Kama ujuzi wake umechakaa, hilo ni suala la yeye na mwajiri wake, na mwajiri anajua kwamba akitaka mtu wa Azure atampeleka kozi.

Lililonivutia zaidi katika utaratibu huo ni namna ya kutahini. Pamoja na maswali ya kuandika, mwanafunzi hufanya mradi halisi wa kampuni yake, wa saa 40, kuanzia mpango hadi maandishi ya mwisho. Kwanza anaomba kibali: anaeleza anataka kufanya nini, labda kuhamisha seva ya mafaili, kupanga bekapu mpya, kuweka mfumo wa kuchungulia afya ya mashine usiku, na chemba inaweza kumwambia mradi wako mwepesi, rudi. Akimaliza anausimulia mbele ya kamati kwa robo saa, kisha anaulizwa kwa robo saa nyingine. Kamati ina mwakilishi wa waajiri, mwakilishi wa wafanyakazi na mwalimu wa shule ya ufundi. Wanachokitafuta ni sababu. Kwa nini ulichagua programu hii ya bekapu na si ile ya bei nafuu? Umewahi kujaribu kurejesha data, au uliona tu alama ya kijani ukaenda nyumbani? Diski mbili zikifa kwa pamoja utafanya nini, na mteja atapoteza kazi ya saa ngapi? Hesabu ya gharama iko wapi? Hayo hayakaririki, kwa sababu mradi ni wako na hakuna mwingine duniani aliyeufanya.

Yanayokaririka tunayajua. Nyumbani mtu akisema anajiandaa na mtihani wa seva, swali la kwanza la marafiki ni kama amepata dampu, yaani maswali yaliyoibwa yakiwa na majibu yake, mara nyingine na majibu yenyewe yakiwa na makosa ambayo kila mtu anayakariri kwa uaminifu. Si ugonjwa wa Waafrika, na nisingependa msomaji yeyote wa huku Ulaya autumie kutucheka. Mwaka 2002 mtu mmoja wa jimbo la Washington, Marekani, alikiri mahakamani kuiba siri za biashara kwa kuuza maswali ya mitihani ya MCSE mtandaoni, na akafungwa. Wamarekani ndio walioanza kumwita mtu wa aina hiyo MCSE wa karatasi. Lakini dampu ina nguvu zaidi pale ambapo mtahiniwa analipa mwenyewe na hana uwezo wa kulipa mara mbili. Kama kuanguka kunagharimu mshahara wa mwezi wa mzazi, kukariri kunakuwa uamuzi wa kiuchumi kabla haujawa uamuzi wa kimaadili. Mtu ambaye vocha yake imelipwa na kampuni, na akianguka atajaribu tena baada ya wiki mbili, ana sababu chache za kuiba. Wanaohubiri uadilifu kwa vijana kwenye semina waanze na hesabu hiyo.

Hapa kuna pingamizi zito, na ni zito kweli. Mtihani wa kompyuta haujui jina la ukoo wako. Haujui unatoka mkoa gani, hauna mjomba wizarani, na alama 700 kati ya 1000 ni 700 Kigoma na Munich. Kwa kijana asiye na mtu wa kumshika mkono, cheti cha kampuni ya kigeni ndicho karatasi pekee ambayo hakuna bosi wa nyumbani aliyeweza kuipindisha. Ukileta kamati ya watu watatu na maswali ya mdomo, si umeleta usaili wetu uleule, ambao jibu sahihi mara nyingi ni "nimetumwa na mheshimiwa"? Ninalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, na sina jibu la kulifuta. Nina jibu la kulipunguza. Red Hat wanatahini mikono bila kumtegemea mtu mwenye hisia: unakaa mbele ya mashine halisi kwa saa zipatazo tatu, huna intaneti, una maelekezo yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe tu, na unatengeneza unachoambiwa. Kisha mashine zinazimwa na kuwashwa upya, na kazi isiyosimama baada ya kuwashwa haihesabiwi. Anayepima ni programu. Hakuna mjomba wa kupigia simu, na dampu inasaidia kidogo sana, kwa sababu hata ukiyajua maswali bado lazima mikono ifanye. Kwa hiyo si kweli kwamba tunachagua kati ya karatasi isiyo na upendeleo na ukweli wenye upendeleo. Kuna njia ya tatu, na haihitaji Mzungu wa kuisimamia. Mashine tatu, programu ya kukagua, na chumba chenye jenereta vinatosha kupima kama mtu anaweza kurejesha seva iliyoanguka.

Pingamizi la pili ni la waajiri wenyewe, na hulitoa kwa sauti ya mtu aliyeumizwa: ukimsomesha ataondoka. Ni kweli huondoka. Huku pia huondoka. Wajerumani wamelijibu kwa mkataba unaomtaka mfanyakazi arudishe gharama akihama mapema, na mahakama yao kuu ya kazi imeuwekea mkataba huo mipaka mikali. Kozi isiyozidi mwezi mmoja, kwa kipimo kinachotumika sana, haimfungi mtu zaidi ya miezi sita. Kozi ndefu hufunga zaidi. Deni linatakiwa lipungue kila mwezi anaoendelea kufanya kazi. Na akiondoka kwa kosa la mwajiri, hadaiwi. Huo ndio uungwana wa kisheria: mwenye duka halindwi kwa kumgeuza fundi mateka, na fundi hapewi zawadi ya kukimbia siku ya pili. Nyumbani tunazo pande mbili tu. Ama kampuni haikulipii kitu, ama inakulipia kisha inakutaka utumike miaka mitatu kwa kozi ya siku tano, na cheti cha asili kinafungiwa kabatini kwa mkurugenzi. Mwajiri anayeogopa kusomesha kwa sababu watu huhama angejiuliza pia anawalipa nini wasiosoma wanaobaki.

Nisiifanye Ujerumani pepo. Nchi hii inaabudu karatasi kuliko sisi, na nani aliyewahi kupeleka vyeti vya nyumbani kutambuliwa hapa halijui hilo? Mtaala wa fani ya 1997 ulisubiri hadi Agosti 2020 ndipo ukafanyiwa marekebisho makubwa, miaka 23 ambamo wingu lilizaliwa, likakua na kuitawala dunia. Mtu mwenye miaka kumi ya kusimamia seva lakini asiye na hati ya chemba alikuwa akiangaliwa kama anayejipendekeza. Kilichowabadilisha ni uhaba wa watu. Tangu Novemba 2023 sheria inamruhusu mtaalamu wa IT asiye na shahada kupata kibali cha Blue Card akiwa na uzoefu wa angalau miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, mradi mshahara ufikie kiwango kilichowekwa. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani wakasaini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira. Tafakari maana yake kwa mwajiri wa Nairobi anayekataa kununua vocha: nchi inayosifika kwa kupenda karatasi imeandika kwenye sheria kwamba kwa seva itaupokea uzoefu, huku yeye, mwenye mtu wa uzoefu ofisini, bado anamdai MCSE.

Watakaosema nyumbani hakuna pesa za mafunzo wafungue hati zao za malipo ya mishahara. Pesa zinakatwa tayari. Kenya kila mwajiri anatakiwa kulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na utaratibu wa NITA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo, unamruhusu aliyelipa kudai afidiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Shilingi 600 kwa mwaka hazinunui mtihani wa seva, sawa, lakini kampuni ya watu 200 inatoa 120,000, na wasimamizi wa seva ndani yake hawazidi wawili au watatu. Tanzania tuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayokatwa kwenye jumla ya mishahara, ambayo sehemu yake imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu kwenye mikopo ya elimu ya juu. Waajiri huilalamikia kila msimu wa bajeti, na wana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yao siku zote ni kwamba ipunguzwe. Ni nadra kuwasikia wakisema: irudi kwetu kama vocha za mafundi. Kwa nini? Kwa sababu kijana anajilipia mwenyewe, na jambo linalolipiwa na mwingine huwa halimuumi mtu kiasi cha kuandamana.

Kutahini kwa mikono nako si ugeni wa kuletwa na ndege. Fundi umeme na fundi makenika wa Kenya wamepimwa kwa majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza, tangu zamani. VETA ina urasimishaji wa ujuzi, ambapo mwashi aliyejifunza mtaani kwa miaka kumi anapimwa akiwa kazini na kupewa cheti bila kurudishwa darasani. Mpishi anapimwa jikoni, fundi seremala anapimwa kwenye mbao. Yule kijana wa Kariakoo anayefufua seva za maduka kumi na tano kwa simu, hana diploma na hana dola, ndiye hasa mtu ambaye utaratibu huo ulibuniwa kumtambua, ila yeye tunamwambia atafute vocha. Inaonekana tumekubaliana kimyakimya kwamba kazi ya kompyuta ni ya wasomi, hivyo lazima ithibitishwe kwa karatasi kutoka ng'ambo, ilhali kubadilisha diski iliyokufa saa nane usiku bila kupoteza data ni ufundi kama ufundi mwingine.

Hata mafunzo ya kazini kwa mtindo wa Kijerumani yameshafika kwetu. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na chemba ya ufundi ya Hamburg imeshirikiana na VETA kwenye mafunzo ya aina hiyo katika fani kama umeme na magari. Hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia fani ya seva kufuata. Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko kwa watahini. Watahini wa IHK hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, na waajiri wao huwaachia muda wa kwenda kuketi kwenye kamati. Nyumbani msimamizi mkuu wa seva wa benki akiomba siku mbili akatahini vijana wasio wa benki yake, ataulizwa anagombea ubunge au vipi. Hata hivyo Tume ya TEHAMA ya Tanzania inasajili wataalamu, kwa hiyo majina yapo. Ni kuwaita mafundi wenye miaka kumi na zaidi, kuwapa chumba na mashine, na kuwaambia waajiri kwamba siku hizo mbili zitahesabiwa kama mchango wao wa mafunzo na kupunguzwa kwenye tozo. Swali la kwanza litakaloulizwa kwenye kikao cha maandalizi tunalijua sote: posho ya watahini itatoka fungu gani. Liulizwe tu. Afadhali tuanze kubishana juu ya fungu la posho kuliko kuendelea kumdai kijana mtihani uliofungwa 2021.